Jenny Lind: Mwimbaji aliyelipia mlango wa kutokea kwenye mkataba

Mwenye ukumbi anayekodi bendi msimu wa mavuno, wakati fedha zipo mifukoni mwa watu, hana tofauti kubwa na kamati ya harusi inayotafuta kikundi cha taarabu. Bei hukubaliwa haraka, tarehe huandikwa kwenye karatasi ya daftari, malipo ya awali hutolewa, na watu hupeana mikono. Jambo linalosahaulika ni moja: mmoja wao akitaka kujitoa kabla ya kazi kwisha, itakuwaje?

Swali hilo lilimfikisha mahakamani London mwaka 1848 Jenny Lind, mwanamke wa Uswidi aliyekuwa miongoni mwa waimbaji mashuhuri kuliko wote Ulaya katika karne ya 19. Mwaka 1851, akiwa Marekani, alivunja mkataba mwingine mkubwa kuliko ule wa kwanza. Safari hiyo hakukuwa na kesi. Sababu ni kwamba bei ya kujitoa ilikuwa imekubaliwa mapema.

Mtoto aliyelelewa na ukumbi

Johanna Maria Lind alizaliwa Stockholm Oktoba 6, 1820. Wazazi wake walikuwa hawajafunga ndoa. Mama yake alikuwa mwalimu na baba yake alitunza vitabu vya hesabu. Maisha ya nyumbani yalikuwa ya dhiki na mtoto alihamishwa mara kwa mara kulelewa na watu wengine.

Alipokuwa na miaka tisa, mtumishi wa mcheza dansi mmoja wa Opera ya Kifalme alimsikia akiimba. Habari zilifika kwa bibi yake wa kazi, naye akafanya mpango mtoto apelekwe kwa mwalimu wa uimbaji wa ukumbi huo. Jenny alipokelewa katika shule ya ukumbi, akafundishwa na kutunzwa kwa gharama zake. Kwa lugha ya biashara, ukumbi uliwekeza kwa mtoto ukitarajia kuvuna baadaye.

Mavuno yalikuja mapema. Machi 7, 1838, akiwa na miaka 17, alicheza nafasi kubwa katika opera ya Kijerumani Der Freischütz na kupokewa kwa shangwe. Mwaka 1840 aliteuliwa kuwa mwimbaji wa mfalme wa Uswidi. Lakini alikuwa akiimbishwa mno, na sauti ikaanza kuharibika.

Mwaka 1841 alikwenda Paris kwa Manuel García, mwalimu aliyesifika kuliko wengine wakati huo. García alimwamuru kwanza anyamaze, aipumzishe sauti kwa wiki kadhaa kabla ya somo lolote. Lind alikaa huko karibu mwaka mzima akijifunza upya. Alirudi na sauti iliyopona na funzo ambalo hakulisahau. Mwimbaji hana ghala wala shamba. Mtaji wake ni koo, na anayeingia mkataba bila kuweka kikomo cha kazi anauza mtaji pamoja na faida.

Baada ya hapo jina lake lilisambaa. Alishangiliwa Denmark mwaka 1843, ambako mwandishi wa hadithi Hans Christian Andersen alimpenda bila kupendwa naye. Desemba 1844 aliiteka Berlin. Watu wakaanza kumwita ndege mwimbaji wa Uswidi, na wenye kumbi wa miji mikubwa wakaanza kumwinda.

Saini ya haraka Berlin

Wa kwanza kutoka London alikuwa Alfred Bunn, meneja wa ukumbi wa Drury Lane. Januari 1845 alimfuata Berlin. Mkataba ulitiwa saini ndani ya ukumbi wa opera, katika chumba cha balozi wa Uingereza, usiku ambao Lind mwenyewe alikuwa na onyesho. Aliahidi kwenda London na kuimba kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuwa akiijua.

Hakukawia kujuta. Kuijua lugha mpya kwa kiwango cha kuimbia jukwaani hakukuwa kazi ya miezi michache, na aliogopa kuaibika mbele ya watu wa London. Akamwandikia Bunn akiomba aachiliwe. Bunn alikataa. Kwake yeye ahadi ni deni, na jina la Lind lilikuwa biashara ambayo asingeipata tena.

Kwa muda mrefu jambo hilo likabaki limening'inia. Lind aliogopa kukanyaga London kwa sababu ya Bunn, na Bunn hakuwa na njia ya kumfanya aimbe. Karatasi waliyotia saini haikuwapa njia rahisi ya kuachana.

Kisha akatokea mnunuzi wa pili. Benjamin Lumley, meneja wa Her Majesty's Theatre ya London, alikuwa taabuni. Waimbaji wake wengi walikuwa wamehamia Covent Garden, ambako opera pinzani ilifunguliwa Aprili 1847. Bila jina kubwa asingeweza kuujaza ukumbi wake. Alimshawishi Lind aje kuimba kwa Kitaliano, na Lind akakubali. Mkulima aliyewahi kuahidi mazao yake kwa mnunuzi mmoja, kisha akampa mwingine aliyekuja na masharti mazuri zaidi, ataelewa hatari aliyoingia.

Mei 4, 1847 Lind alipanda jukwaani London mbele ya Malkia Victoria. Watu walisukumana mlangoni kupata nafasi, na msimu wa Lumley ukaokoka. Bunn, aliyekuwa akitazama biashara yake ikifanywa na mtu mwingine, alikwenda mahakamani. Februari 1848 mahakama iliamua kwamba Lind alivunja mkataba na kwamba Bunn alipwe fidia ya pauni 2,500. Zilikuwa fedha nyingi mno kwa wakati ule.

Fidia hiyo ilipangwa na watu wa mahakama baada ya mawakili kubishana. Hakuna kati ya wawili hao aliyeweza kujua mapema kiasi chake.

Barnum aweka fedha kwanza

Mei 1849, akiwa hajafikisha miaka 29, Lind aliacha kabisa kuigiza opera. Alitaka kuimba matamasha tu, na alitaka fedha za kusaidia shule za watoto maskini wa kwao. Hapo ndipo alipomfikia Mmarekani P. T. Barnum, mwenye jumba la maonyesho New York, aliyezoea kuonyesha vituko na watu wa ajabu. Barnum hakuwa amewahi kumsikia Lind akiimba. Alichokuwa ananunua ni jina.

Barnum alimtuma wakala wake John Hall Wilton Ulaya. Kwa maelezo ya Barnum mwenyewe, mapromota wengine waliomtaka Lind walipendekeza agawane nao faida na hasara. Barnum aliahidi malipo ya uhakika kwa kila usiku, hasara ikiwa juu yake.

Mkataba ulitiwa saini Lübeck, Ujerumani, Januari 9, 1850. Ukilinganishwa na karatasi ya Berlin, huu uliandikwa na watu waliokwisha kuumwa na nyoka. Lind angeimba hadi matamasha 150 kwa dola 1,000 kila moja. Julius Benedict, mpiga piano na mwongoza muziki, angelipwa dola 25,000, na mwimbaji mwenzake Giovanni Belletti dola 12,500. Usafiri, malazi, watumishi na gari la farasi vilikuwa juu ya Barnum.

Lind alijiwekea haki ya kuamua idadi ya matamasha kwa wiki na nyimbo za kila usiku kulingana na afya na usalama wa sauti yake. Barnum naye akalindwa kwa kiwango cha chini ambacho Lind asingeweza kushuka zaidi yake. Opera haikuruhusiwa kabisa. Lind hakuruhusiwa kuimba kwa promota mwingine. Aliruhusiwa kuimba kwa ajili ya hisani, mradi asiharibu tamasha la kwanza na la pili la Barnum katika mji husika.

Sharti kubwa lilikuwa la fedha. Jumla ya malipo ya wasanii wote watatu, dola 187,500, ilitakiwa iwekwe kwanza katika benki ya Baring Brothers, London, kabla mtu yeyote hajapanda meli. Barnum hakuwa na fedha hizo mkononi. Alikopa, akaweka mali rehani, akauza nyingine. Wenye fedha wa New York waliamini mkataba ule ungemfilisi. Dola 5,000 za mwisho alizipata kwa mchungaji mmoja wa Philadelphia aliyemwamini.

Kwa Lind, amana ile ilikuwa na maana kuliko maneno yote mazuri ya wakala. Bahari ilikuwa kati yake na mdaiwa wake. Kama Barnum angeshindwa kulipa, mwimbaji angebaki nchi ya kigeni bila nauli ya kurudi.

Mnada wa tiketi

Lind alifika New York Septemba 1, 1850, na bandarini walimngoja maelfu ya watu. Barnum alikuwa ametumia miezi kuwaandaa kupitia magazeti, akilisifia jina la mgeni wake na ukarimu wake kwa maskini.

Badala ya kuuza tiketi za kwanza kwa bei moja, alizinadi. Mfanyabiashara wa kofia aitwaye John Genin alinunua tiketi ya kwanza kwa dola 225. Wengi waliona ni wazimu, lakini jina la Genin liliandikwa magazetini kote na biashara yake ya kofia ikanufaika kuliko ambavyo tangazo la kawaida lingemnufaisha. Huko Boston tiketi ya kwanza ilifika dola 625. Wenye maduka nao walianza kuuza glavu, kofia na hata viti kwa jina la Jenny Lind.

Kabla ya tamasha la kwanza, lililofanyika Castle Garden Septemba 11, Barnum alipendekeza mkataba ubadilishwe. Aliona mapato yangekuwa makubwa, na alijua kwamba mwimbaji anayelipwa dola 1,000 wakati ukumbi unaingiza mara kumi zaidi atanung'unika, au washauri wake watamnung'unikia. Makubaliano mapya yalimpa Lind dola 1,000 zake pamoja na nusu ya kinachobaki baada ya Barnum kutoa dola 5,500 kila usiku kwa gharama na kazi yake.

Lind naye alipata alichokikosa kwa Bunn. Ziliwekwa njia za kujitoa. Mojawapo ilikuwa kwamba baada ya tamasha la 100 angeweza kuondoka kwa kulipa dola 25,000.

Waachana bila mahakama

Msafara ulipita Boston, Philadelphia, Washington, Charleston, Havana, New Orleans na miji ya mto Mississippi. Kila mahali kumbi zilijaa. Hata hivyo, uhusiano ulichoka. Lind hakupenda bei kubwa za tiketi wala walanguzi waliozinunua na kuziuza tena kwa ghali, kwani lawama za bei zilimwangukia yeye mbele ya wananchi wa kawaida. Hakupenda pia kunadiwa kama kituko cha maonyesho. Barnum kwa upande wake aliwalaumu mawakili na washauri waliomzunguka mwimbaji.

Mambo yalifika mwisho Philadelphia Juni 1851. Ukumbi uliokodiwa ulikuwa umetumika kwa maonyesho ya sarakasi ya farasi, na Lind hakufurahishwa kuimbia humo. Akaamua kutumia haki yake ya kujitoa, ingawa tamasha la 100 lilikuwa bado.

Hesabu ilikuwa rahisi. Kwa mujibu wa mkataba yalikuwa yamefanyika matamasha 93. Lind alilipa dola 25,000 za kujitoa, akaongeza dola 1,000 kwa kila moja ya matamasha saba yaliyopungua kufika 100. Jumla dola 32,000. Hakuna aliyekwenda kwa hakimu.

Barnum alichapisha baadaye hesabu za biashara yote. Matamasha 95, pamoja na mawili ya mwanzo yaliyohesabiwa nje ya mkataba, yaliingiza dola 712,161. Fungu la Lind kwa matamasha 93 lilikuwa dola 208,675. Baada ya kutoa dola 32,000 alibaki na dola 176,675. Kwa masharti ya kwanza ya dola 1,000 kila usiku angepata dola 93,000 tu. Kwa hiyo hata baada ya kulipia mlango wa kutokea, alikuwa na karibu mara mbili ya kiasi hicho. Barnum alibaki na dola 535,486, ambazo kutoka humo alilipa gharama zote za msafara.

Lind aliendelea kwa mwaka mmoja akijisimamia mwenyewe. Aligundua kwamba kukodi kumbi, kuchapisha tiketi na kuwalipa watu ni kazi kamili, na shauku ya watu haikuwa tena ile ya mwanzo. Februari 5, 1852 alifunga ndoa Boston na mpiga piano wake Otto Goldschmidt. Mei mwaka huo aliwaaga Wamarekani na kurudi Ulaya.

Lumley apata somo jingine

Mwezi huohuo wa Mei 1852, Lumley, yule aliyefaidika Lind alipomwacha Bunn, alikuwa mahakamani London kwa tatizo hilohilo. Alikuwa amemkodi mwimbaji Mjerumani Johanna Wagner kwa miezi mitatu, kwa sharti kwamba asiimbe kwingine. Frederick Gye wa Covent Garden alimpa fedha zaidi, na Wagner akataka kuhamia kwake.

Mahakama ilimzuia Wagner kuimba Covent Garden, kwa kuwa aliahidi kutoimba kwingine. Lakini ilikiri kwamba haiwezi kumlazimisha aimbe kwa Lumley. Mwaka uliofuata, katika shauri la Lumley dhidi ya Gye, mahakama ilikubali kwamba mtu anayemrubuni kwa makusudi mtu mwingine avunje mkataba naye anaweza kushtakiwa. Mashauri hayo mawili bado yanafundishwa kwa wanasheria katika nchi nyingi.

Ushindi huo haukuujaza ukumbi wa Lumley. Baada ya msimu wa 1852 ukumbi ulifungwa, na haukufunguliwa tena hadi 1856. Aliyekuwa na haki hakuwa na mwimbaji.

Miaka ya mwisho

Lind na mumewe walipata watoto watatu na wakahamia Uingereza. Aliendelea kuimba kwa nafasi, mara nyingi kwa hisani. Mwaka 1883 alianza kufundisha katika Royal College of Music iliyofunguliwa London mwaka huo. Alifariki Novemba 2, 1887 nyumbani kwake karibu na Malvern, akiwa na miaka 67. Kuanzia 1996 sura yake ilichapishwa kwenye noti ya kroni 50 ya Uswidi, noti ambayo baadaye iliondolewa kwenye mzunguko.

Yanayomhusu mwenye ukumbi na mwenye bendi

Wahenga wa biashara husema mali bila daftari hupotea bila habari. Bunn alikuwa na daftari na bado alipoteza mwimbaji. Kuandika peke yake hakutoshi ikiwa mambo magumu hayakuandikwa.

La kwanza ni kutotia saini kwa haraka, hasa siku ya onyesho, kwa jambo ambalo msanii hana uhakika kwamba analiweza. La pili ni fedha kuonekana kabla ya safari. Si lazima ziwe zote, lakini mkataba useme kiasi gani kinalipwa lini, mikononi mwa nani, na kinarudishwa katika hali gani. La tatu ni kutaja kazi yenyewe: saa za kupiga, idadi ya siku, nani analipia usafiri, chakula, malazi na vyombo, na ukumbi uko katika hali gani. Harufu ya farasi iliharibu biashara ya maelfu ya dola.

La nne, mapato yakizidi yaliyotarajiwa, ni heri kukaa mezani mapema kama alivyofanya Barnum kuliko kungoja manung'uniko. La tano ndilo lililotenganisha kesi ya Bunn na kuachana kwa amani na Barnum: kuandika bei ya kujitoa kwa pande zote mbili, kwa kiasi kinacholingana na hasara halisi. Promota akiahirisha wiki moja kabla, analipa nini? Bendi ikipata mwaliko mnono kwingine, inalipa nini? Mvua ikikatisha onyesho la uwanjani, nani anabeba gharama?

Maswali hayo ni rahisi kujibu siku ya kupeana mikono, wakati kila mmoja bado anamhitaji mwenzake.